Jina Likiitwa, Aitike Nani?

Watu wawili wakiwa na jina moja, Kiswahili hakiwaiti washindani. Huwaita wajina, na neno lenyewe lina tabasamu ndani yake. Mtu akimpata wajina wake safarini humkaribisha kama ndugu, humtania, humwonea fahari, ingawa hawajawahi kuonana kabla ya siku hiyo. Lakini tabasamu hilo hudumu mpaka pale sauti inapotoka mlangoni ikiita jina lao, na wote wawili wakaitika labeka. Hapo huzuka swali ambalo si la mzaha: aliyeitwa ni yupi? Na swali la pili ni zito kuliko la kwanza: jina likiitwa na mwenyewe hayupo, je, ni wema wajina wake aitike kwa niaba yake, au ni afadhali aliyeita aambiwe waziwazi kwamba anayemtafuta hayupo?

Nimeishi na maswali haya miaka mingi, kwa kuwa maisha ya mwalimu ni maisha ya kuita majina. Sikutazamia, hata hivyo, kwamba uzeeni ningeyakuta tena mahali pageni kabisa, yaani katika lugha ambazo wataalamu hutumia kuandikia programu za kompyuta. Mjukuu wangu mmoja hujipatia riziki kwa kazi hiyo. Likizo moja alipokuja kututembelea nilimwomba anifundishe, si ili niwe fundi, bali ili nijue kinachomkesha usiku. Alinifundisha vizuri, polepole na kwa mifano, na haya ninayoyaandika ni matunda ya barazani pale.

Programu, msomaji mpenzi, ni maandishi ya maagizo, na kila kitu ndani yake hupewa jina. Majina hayo ni ya namna nyingi, lakini mawili yatatutosha. Kuna fankisheni, nayo ni kazi iliyopewa jina: ukiitaja, kazi inafanyika. Katika lugha iitwayo PHP, kwa mfano, fankisheni yenye jina strlen hupima urefu wa maandishi. Kisha kuna klasi, nayo ni maelezo ya aina ya kitu: kilivyo, kinachobeba, na kinachoweza kufanya. Klasi inaweza kuitwa Tarehe, au Mwanafunzi, au Akaunti. Kwa maneno ya darasani, fankisheni hujibu swali “kifanyike nini?”, na klasi hujibu swali “huyu ni nani?” Naomba msomaji aishike tofauti hiyo, maana hoja yangu yote imesimama juu yake.

PHP ilianzishwa na Rasmus Lerdorf katikati ya miaka ya 1990, na kwa muda mrefu majina yote ndani yake yalikaa katika uwanja mmoja usio na kuta. Programu ikiwa ndogo, uwanja mmoja unatosha, kama kijiji chenye nyumba kumi ambapo kila mtu anamjua kila mtu. Lakini kijiji kilikua. Watu wasiojuana walianza kuchukua kazi za wenzao na kuziunganisha na zao, na majina yakagongana. Ili kujikinga, waandishi walibuni majina marefu yenye kutaja ukoo mzima, kama vile Zend_Db_Table_Abstract, ambayo yalifanya kurasa zao kuchosha macho.

Mwishoni mwa Novemba 2005 lilitokea jambo ambalo mimi nililipenda mno niliposimuliwa. Toleo 5.1.0 la PHP lilitoka likiwa na klasi mpya iliyoitwa Date, yaani tarehe. Kumbe jina hilohilo lilikuwa tayari linatumiwa na klasi iliyomo katika hazina ya watumiaji iitwayo PEAR. Programu zilizokuwa zikifanya kazi salama zikakwama. Siku chache baadaye likatoka toleo 5.1.1, na klasi mpya ya lugha yenyewe ikaondolewa ili jina libaki kwa aliyelitangulia. Baadaye lugha ilijipatia jina lingine, DateTime. Tazama jambo hilo kwa jicho la maadili. Mwenye uwanja alikuwa na nguvu za kumfukuza mpangaji, lakini alirudi nyuma yeye. Ni mara ngapi wakubwa wa dunia hii, wakikuta jina au kiwanja kimeshashikwa na mnyonge, hurudi nyuma kwa siku nne tu?

Ustaarabu wa namna hiyo ni mzuri, lakini hauwezi kuwa sheria ya kila siku. Hatimaye, Juni 2009, toleo 5.3 lilileta kile ambacho lugha nyingine kama C++ na Java zilikuwa nacho kwa namna zao: nafasi za majina. Nafasi ya majina ni kama mtaa. Ndani ya mtaa wako unaweza kumwita mtoto wako jina upendalo, na mtaa wa pili wakamwita wao jina hilohilo, na pasiwe na ugomvi. Anayetoka mbali akimtaka mtoto huyo hutaja mtaa kwanza, kisha jina.

Hapo niliona jambo la kufurahisha. Sisi humtaja mtu kwa kuanza na jina lake, tukapanda kwa baba, kisha kwa babu. PHP na Java huanza juu, kwa babu, na kushuka mpaka kwa mtoto. Njia ni mbili, ila maana ni moja: jina peke yake halimtoshi mtu mbele ya umati, lazima liambatane na atokako. Bibi zetu waliposhikilia kumuuliza mgeni “wewe wa nani?” hawakuwa wambeya. Walikuwa wanatafuta jina kamili.

Sasa nifike kwenye kiini. Mwandishi akiwa ndani ya mtaa wake, ataita majina mengi bila kutaja mtaa, kama sote tufanyavyo nyumbani. Mashine itajuaje anamtaka nani? Kanuni ya PHP ni hii. Akiita fankisheni kwa jina tupu, mashine huitafuta kwanza katika mtaa wake. Isipokuwapo, hutoka nje kimyakimya na kuitafuta katika uwanja wa jumla, na ikiikuta huko huitumia bila kusema neno. Lakini akiita klasi kwa jina tupu, mashine huitafuta katika mtaa wake tu, au kati ya wale aliowatangaza kwa jina juu ya ukurasa wake kwamba ni wageni wake. Isipopatikana, haiendi uwanjani kuchukua klasi ya jina hilohilo. Programu ikihitaji kuunda kitu kutokana na klasi hiyo, mashine hulalamika kwamba haipo, na kazi husimama.

Nilimuuliza mjukuu wangu kwa nini ndugu hawa wawili wamelelewa tofauti. Alinijibu kwa sababu ya kiufundi: klasi inaweza kuletwa na mashine kutoka kwenye faili lake pale tu inapohitajika, na kama ingeruhusiwa kutafutwa pande mbili, kila mara mtu akitaja klasi ya lugha yenyewe kwa jina tupu mashine ingelazimika kwanza kuhangaika kutafuta faili lisilokuwapo. Na kama ingeanza uwanjani, basi siku lugha itakapoongeza klasi mpya yenye jina kama la kwako, yako ingefunikwa ghafla. Fankisheni hazina matatizo ya kuletwa hivyo.

“Hivyo tu, babu,” akasema. “Ni suala la ufanisi.”

Naikubali sababu hiyo, lakini mimi niliona kanuni hiyo ina hekima kuliko sababu yake. Kazi inaweza kusaidiwa na yeyote anayeijua. Nikitaka kupimiwa urefu wa ubao na fundi wa nyumbani kwangu hayupo, jirani akinipimia ubao umepimwa, na urefu wake haubadiliki kwa kuwa mkono ulikuwa wa jirani. Lakini nikimtafuta mtu mwenyewe, siwezi kuletewa mwingine kwa sababu tu jina ni moja. Msaada una milango mingi, na utambulisho una mlango mmoja.

Nitoe mfano wa maisha, maana falsafa isiyogusa nyumba ya mtu ni upepo. Katika miaka ya 1980, nilipokuwa mkufunzi, chuoni kwetu walikuwapo wanachuo wawili wenye jina moja, na majina ya baba zao yalikuwa mamoja pia. Mmoja alitoka kanda ya ziwa, mwingine alitoka pwani. Wenzao waliwafanyia utani na wao wenyewe waliitana wajina. Siku moja ikaja simu ya maandishi: mama ni mgonjwa sana, njoo upesi. Juu yake palikuwa na jina na chuo, basi. Mjumbe aliyeileta kutoka mjini aliingia darasa la kwanza alilolikuta, akaita jina, kijana wa ziwa akasimama, akapewa. Alifunga sanduku usiku uleule. Alisafiri siku mbili kwa gari moshi na basi, akamkuta mama yake anatwanga mahindi. Mwenye kuitwa, yule wa pwani, alipata habari baada ya mazishi.

Nimelitafakari tukio lile kwa miaka, na kila nikilitazama sioni mwongo. Aliyeandika aliandika jina la kweli. Mjumbe aliliita kwa usahihi. Aliyeitika aliitikia jina lake mwenyewe. Kila mmoja alifanya sehemu yake kwa unyofu, na bado mama mmoja alifariki akiuliza mwanawe yu wapi. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba uongo si chanzo pekee cha madhara katika mambo ya majina. Jina tupu likipata jibu la haraka huweza kudhuru kuliko jina lisilojibiwa kabisa. Kama darasa la kwanza pasingekuwa na wa kuitika, mjumbe angeuliza la pili, angeuliza ofisini, na mtu angekumbuka kwamba wako wawili.

Lakini mkasa huo una nusu ya pili. Yule wa ziwa aliporudi na kuelewa yaliyotokea, aliomba ruhusa nyingine, akafuatana na wajina wake mpaka pwani kuhani. Alibeba sanduku, akachota maji, akakaa mkekani na wafiwa, akafanya kila kazi ambayo mtoto wa nyumba hufanya. Kazi zote hizo zilipokewa, na hapana aliyemuuliza ana haki gani ya kuzifanya. Kitu kimoja tu hakuweza: hakuweza kuwa ndiye aliyesubiriwa na marehemu. Kwa hiyo vijana wale wawili, bila kujua, walinionyesha kanuni ya fankisheni na klasi miaka mingi kabla mjukuu wangu hajazaliwa.

Huenda msomaji akauliza: je, basi tuseme ile ruhusa ya fankisheni kutoka nje kimyakimya haina ubaya? La hasha. Nayo ina mtego wake. Kwa kuwa mashine huanza nyumbani, mtu akiweka ndani ya mtaa fankisheni yenye jina sawa na ile ya uwanjani, wito uliokuwa ukienda nje utaishia kwake, na ukurasa ulioandika wito huo haujabadilika hata nukta. Wapo wanaoitumia nafasi hiyo kwa wema: wanapojaribu programu zao huweka saa ya bandia mahali pa saa ya kweli ili waone programu itafanya nini siku fulani. Lakini nafasi inayompokea mtu mwema humpokea na mbaya pia.

Ushahidi wa hatari hiyo, katika jambo lililo jirani na hili, ulionekana Februari 2021. Mtafiti wa usalama Alex Birsan alieleza jinsi alivyopata majina ya vifurushi vya programu ambavyo makampuni makubwa huvitumia ndani kwa ndani, akapandisha katika hazina za umma vifurushi vyake vyenye majina yaleyale. Mashine za makampuni, zilipotafuta kifurushi cha nyumbani, zikachukua kile cha nje kwa kuwa kilijitangaza kuwa toleo jipya zaidi. Kwa njia hiyo aliingia katika mitambo ya makampuni zaidi ya 30, yakiwamo Apple, Microsoft na PayPal. Yeye alikusudia kuonya, na akalipwa kwa onyo lake. Hapana nywila iliyovunjwa wala kufuli lililochezewa. Jina liliitwa, na asiyestahili akaitika labeka.

Na ukali wa klasi nao usisifiwe kupita kiasi, maana una kimya chake. Mwandishi wa PHP anaweza kuweka mlinzi katika programu na kumwambia: hitilafu ya aina iitwayo Exception ikitokea, idake. Exception ni klasi ya uwanja wa jumla. Mwandishi akiwa ndani ya mtaa wake, akaliandika jina hilo tupu bila kutanguliza ule mkwaju ulioinamia kushoto, ambao maana yake ni “wa uwanjani”, mlinzi atakuwa akimngoja mtu wa mtaani ambaye hayupo. Na hapa mashine hailalamiki, kwani kumngoja mtu asiyekuwapo si kumwita. Hitilafu ya kweli hupita mbele ya mlinzi huyo huku amesimama wima, macho wazi, na orodha mkononi. Nimewajua walinzi wa namna hiyo katika maisha, si wa kompyuta. Walikuwa waaminifu, wenye bidii, na walilinda jina badala ya nyumba.

Kwa hiyo dhambi si kutafuta karibu kwanza, maana fimbo ya mbali haiui nyoka, na ni haki mtu aanze kwao. Wala dhambi si kutafuta mbali. Dhambi ni kukisia bila kusema. Katika hili Java ilinipendeza. Tangu matoleo yake ya awali ilikuwa na klasi iitwayo List, orodha ya kuchagulia vitu kwenye kioo, iliyokaa katika mtaa wa java.awt. Toleo 1.2 la mwaka 1998 likaleta List nyingine katika mtaa wa java.util. Programu zilizokuwa zimealika mitaa yote miwili kwa jumla, kisha zikaita List kwa jina tupu, zilikataliwa na kompaila, yaani ile programu inayotafsiri maandishi ya mtu kwa ajili ya mashine. Haikuchagua ya zamani kwa heshima ya umri wala mpya kwa tamaa ya usasa. Ilisimama ikasema: jina hili lina wawili, taja unayemtaka. Bila shaka waandishi waliudhika. Lakini kuudhika asubuhi kwa kuulizwa swali ni afadhali kuliko kulia jioni kwa kuletewa asiye wako.

Nami naona hapo pana adabu ambayo sisi tulikuwa nayo. Mzee akitoa wosia akasema “shamba la mwembeni apewe Juma”, wasikilizaji wenye busara hawakunyamaza kwa heshima ikiwa ukoo una kina Juma watatu. Waliuliza: Juma yupi? Kuuliza si ujinga, na mbele ya haki ya mtu, kutouliza si heshima. Leo majina yetu yamo katika mitambo isiyohesabika: ya malipo, ya mitihani, ya hospitali, ya ardhi. Mitambo hiyo huandikwa na vijana kama mjukuu wangu, na kila siku huamua jina likiitwa aitike nani. Mzazi anayesubiri matokeo ya mwanawe na mgonjwa anayesubiri damu ya kundi lake hawatajua kamwe kanuni iliyotumika. Watajua tu kama aliyeletwa ndiye.

Ndiyo maana nilimwambia kijana wangu maneno matatu, na msomaji ayapime. La kwanza: pale unapoomba kazi tu ifanyike, usione haya kupokea mkono wa jirani, ila ujue ni mkono wa nani. La pili: pale unapomtaja mtu au haki yake, taja jina kamili hata kama ni refu, maana urefu wa jina ni mzigo wa anayeandika, na ufupi wake unaweza kuwa mzigo wa asiyekuwapo kujitetea. La tatu: aliyeitwa asipopatikana, sema hayupo. Neno “hayupo” ni chungu, lakini ni neno la kweli, na mtafutaji akilisikia ataendelea kutafuta. Anayepewa wajina mahali pa mtu wake huacha kutafuta, na huko kuacha ndiko kunakompoteza yule wa kweli.

Jina ni amana iliyowekwa midomoni mwa watu wengine. Mwenyewe hulitumia mara chache. Wengine ndio wanaoliita. Basi heshima ya jina haimo katika uzuri wa sauti yake wala katika upekee wake, kwani majina mazuri yatarudiwa daima, na ni vyema yarudiwe. Imo katika subira ya anayeita: kwamba akishasikia labeka, anageuka, anamtazama aliyeitika usoni, na kuuliza tena kwa upole, “Wewe wa nani?”